Kikombe Kilichongoja Ruhusa

Iko siku moja ya Ramadhani, mwanangu, ambayo naikumbuka kila mwezi unapoandama, hata kabla sijanuia saumu yangu ya kwanza. Nilikuwa kijana wakati huo, mwalimu mpya wa darasa la kwanza katika shule ya masista, huku kwetu Pemba, mwendo mfupi tu kutoka maduka ya Mtambile. Leo nina wajukuu wanaonivuta ushungi nikisali, lakini siku hiyo haikuzeeka pamoja nami. Nimesikia kuwa wewe nawe umepata kazi ya kusomesha, na mama yako kaniomba nikupe neno. Kaa basi. Neno lenyewe ni moja, ila njia yake ndefu kidogo, na mimi sipendi kuharakishwa.

Baada ya Mapinduzi shule za misheni zilichukuliwa zote na serikali, na kwa miaka mingi hatukuwa na shule ya mtu binafsi kisiwani. Mlango ulipofunguliwa tena, wakaja masista kutoka Bara, wakajenga vyumba vinne vya mawe na jiko la makuti katikati ya mikarafuu. Walitaka mwalimu wa hapa hapa, anayejua watoto wa hapa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu Unguja na nimekaa nyumbani nikihesabu makuti ya paa. Nikaomba kazi, nikapata.

Mama yangu alikaribia kuumwa. "Weye Salma, wafuatani huko?" akaniambia. "Utarudi na msalaba shingoni!" Baba, ambaye hakupenda maneno mengi, akamjibu bila kuinua kichwa, "Akirudi na mshahara mkononi, hayo ya shingoni tutayatazama." Ndivyo nilivyoruhusiwa.

Mkuu wa shule alikuwa Sista Veridiana, Mhaya wa Bukoba, mwanamke wa sauti nene na kicheko cha karibu. Siku yangu ya kwanza alinipa ufunguo wa chumba kidogo nyuma ya ofisi. Nikafungua. Ndani mlikuwa na mkeka mpya, ndoo ya maji na kata yake, na ukutani alama ya chaki. Nikauliza alama ile ya nini. Akasema, "Nilimuuliza mpishi kibla kiko upande gani. Kama kanidanganya, mtagombana wenyewe." Nikacheka, na nusu ya hofu yangu ikaondoka palepale.

Nikwambie na shule yenyewe ilivyokuwa, maana usije ukadhani nasifu kwa kuwa nililipwa. Kila asubuhi Sista alisimama mlangoni akampokea kila mtoto kwa jina lake na jina la mama yake. Akatazama kucha, akatazama masikio, mwenye kidonda akapelekwa kusafishwa kabla ya kengele. Mtoto aliyelia alimpakata mapajani, akaendelea kufundisha vivyo hivyo, na mtoto akalala usingizi huku wenzake wanaimba jedwali la kuzidisha. Fimbo haikuwapo. Mimi niliyekulia kwenye bakora nilidhani watoto watatupanda kichwani kabla ya mwezi kwisha, nikajiandaa kucheka. Hawakutupanda. Walikuwa wakikimbilia shule kama wanavyokimbilia harusi.

Hesabu tuliwafundisha kwa makonyo. Unayajua makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kila nyumba ilikuwa nayo gunia zima. Kila mtoto alikuja na yake kwenye kifuko, akayapanga juu ya dawati kumi kumi, na darasa zima likanukia mpaka nguo zangu mama akizifua anajua nimetoka kufundisha hesabu. Saa nne ikigonga, uji wa mchele, tui la nazi na mchaichai. Ijumaa tulifunga shule mapema watoto wawahi msikitini. Na kila siku jioni watoto walewale walikuwa chuoni kwa Maalim Shaame wakisoma Msahafu, na Sista aliwauliza kesho yake, "Haya, jana Maalim kawafikisha wapi?" Asiyejua kafikia wapi alionywa na Sista kabla Maalim hajamuonya. Nilizoea kuona jambo hilo, na bado nikilikumbuka natabasamu.

Sasa ikaja Ramadhani ya kwanza.

Wazee waliitisha kikao na shule. Maneno yalikuwa yamekwisha kupikwa madukani Mtambile: kwamba masista watawalisha watoto wetu mchana, kwamba watawazoesha kula mpaka wasahau dini. Mzee mmoja akasimama akauliza kwa adabu, lakini swali lilikuwa na miiba. Sista Veridiana naye akasimama. Akasema, "Wazee wangu, naahidi mbele yenu. Mchana wa Ramadhani, hakuna mtoto wa Kiislamu atakayetiwa kitu kinywani na mkono wa sista yeyote, mpaka mkubwa wake aseme mwenyewe." Wazee wakaitikia, wakamwombea dua ya heri, kikao kikavunjika kwa salama. Nami nilijivuna, nikamwambia mama, "Umesikia?" Mama akasema amesikia.

Uji ukawa unapikwa kidogo tu, kwa watoto wachache wa Kikristo, wa maaskari na wafanyakazi kutoka Bara, na walikunywa nyuma ya jiko wasiwatamanishe wenzao. Mambo yakaenda vizuri. Ahadi njema, mwanangu, ni kama dawa njema: ina kipimo chake. Hatukukijua.

Darasani kwangu alikuwamo Mize, mjukuu wa Maalim Shaame. Wazazi wake walikuwa Konde kwa biashara, yeye akilelewa na babu yake. Miaka saba, mwembamba, macho makubwa, na ndiyo kwanza katoka kuugua homa. Babu yake alimruhusu kufunga kitoto, kama tulivyofunga sote: mpaka adhuhuri, kisha ale, na kesho tena mpaka adhuhuri, nusu na nusu ziunganishwe iwe moja. Wewe uliunganisha ngapi? Mimi nilizishona mpaka nikapata mwezi mzima, nikamtangazia kila mtu.

Lakini watoto hawana huruma. Wenziwe wakamwambia saumu ya kuunga si saumu, na anayekula adhuhuri ni kobe. Unajua lilivyo neno hilo kwetu, mtu mzima akiitwa kobe mwezi wa Ramadhani anaweza kuhama mtaa. Mize akalia, akafuta machozi, akanuia kufunga siku nzima kimyakimya. Adhuhuri babu akimwekea chakula, anampa paka. Siku niliyokwambia, hata daku ilimpita, alilala.

Ilikuwa kabla ya saa nne. Nilimwita ubaoni apange makonyo yake. Akasimama, akashika dawati, akakaa chini taratibu kama anayetafuta kitu sakafuni. Nilipomfikia alikuwa na jasho la baridi, midomo imekauka, macho nusu. Nikamwita, akaitikia kwa mbali. Nikamtoa mpaka barazani. Mtoto mzima alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Sista akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari. Akapiga magoti. Kikombe kikafika karibu na midomo ya mtoto, kikasimama.

Akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "niliahidi."

Mwanangu, sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo penye neno langu. Mimi nilikuwa Muislamu. Mimi ndiye niliyesoma kwa Maalim Shaame tangu alifu mpaka nikahitimu. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kuwa mtoto asiyebaleghe hana saumu ya lazima, na mgonjwa anafungua, na nafsi inayohofiwa kupotea inaokolewa kwanza. Nilichukua kikombe kutoka mkononi mwa Sista. Na kikasimama mkononi mwangu vilevile. Niliona kikao. Nikamwona yule mzee na swali lake. Nikasikia Mtambile nzima ikisema: Salma kamfungulisha mjukuu wa Maalim kwa maji ya masista. Nikasema, "Tumwite babu yake kwanza, aseme yeye. Hayuko mbali."

Tukamtuma mtoto wa darasa la nne mwenye mbio. Maalim alikuwa shambani kwake nyuma ya shule, anageuza karafuu juani. Tukangoja. Sista alimpepea mtoto kwa daftari, midomo yake ikienda, nadhani alikuwa anasali. Mimi nami nilikuwa nasoma zangu. Tulikuwa watu wawili wema, kila mmoja anamheshimu mwenzake na dini ya mwenzake, na mtoto anakwisha katikati ya wema wetu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, nao hawakuwa wakisema juu ya tumbo peke yake. Mize akafumba macho. Nikamwita, hakuitikia. Nikamfinya mkono, akafumbua kidogo, akafumba tena. Sijapata kuogopa hivyo katika maisha yangu, si wakati wa uchungu wa mwanangu wa kwanza, si wakati wowote.

Maalim Shaame akatokea kati ya mikarafuu, kanzu kaipandisha mpaka magotini, mzee wa umri ule anakimbia. Alipotuona tumekaa na kikombe, akapiga ukelele kabla hajafika.

"Mwafanyani nyie? Ntoto yu mahututi, nanyi mwaningoja mie?"

"Tulitaka ruhusa yako, Maalim," nikasema.

"Ruhusa ya maji? Mnyweshe!" Kisha akamtazama Sista, akasema, "Mnyweshe weye, Sista. Mkono wake huyu watetemeka."

Sista akakichukua kikombe, akampa tone, akampa tone jingine. Mize akameza. Akakohoa. Akameza tena, mara hii kwa pupa, akakishika kikombe mwenyewe kwa mikono yote miwili. Baada ya muda rangi ikamrudia usoni. Akafumbua macho, akamwona babu yake, na neno lake la kwanza likawa, "Babu, mie si kobe."

Nililia, mwanangu, na sikuona haya. Sista alilia. Maalim hakulia, lakini alikaa chini pale barazani, akasema "Alhamdulillahi" mpaka sauti ikamkauka. Nafuu niliyoipata saa ile siwezi kukusimulia. Hata jua la saa nne niliona limepoa.

Mpishi akamchukua mtoto jikoni akampa uji. Ndipo Maalim akaniita pembeni. Nilijua yanakuja, nikainama.

"Salma. Nani kakusomesha mlango wa saumu?"

"Wewe, Maalim."

"Nilikwambiani juu ya mgonjwa? Nilikwambiani juu ya ntoto asobaleghe?"

Nikamsomea yote, neno kwa neno, kama nilivyoyasoma nikiwa na miaka kumi na moja. Sikukosea hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi elimu yote hiyo uliiweka wapi leo?"

"Niliogopa, Maalim."

"Wamwogopa nani?"

"Watu."

Alikuwa mkali chuoni, lakini saa ile sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniuma. "Watu," akasema. "Mimi nimekufundisha heshima ili ikae juu ya elimu kama ushungi juu ya kichwa. Sikukufundisha ukate kichwa ubaki na ushungi. Heshima yako ilitaka kunizikia mjukuu, Salma."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Kisha akamwendea Sista. Nilidhani atamkaripia naye. Akasimama mbele yake, mzee yule mwenye ndevu nyeupe, akasema, "Ahadi yako nimeiona. Umeishika kuliko wengi wanaoapa. Sasa mimi nakutua mzigo huo. Ntoto akiwa mikononi mwako ni wako, mpaka arudi kwetu. Akiumwa mtibu, akizidiwa mnyweshe, hata iwe mchana wa mwezi mtukufu. Mimi nitasema na wenzangu." Sista akaitikia kwa kichwa.

Ungedhani yamekwisha. Hukumbuki unakaa kisiwani! Alasiri maneno yalikuwa yamefika Mtambile, yamekula, yamenenepa. Kwamba masista wamemshika mjukuu wa Maalim kwa nguvu. Kwamba wamemnywesha maji ya kanisani. Kwamba Salma mwenyewe ndiye aliyemshika miguu. Mama alinipokea mlangoni, kanga kiunoni. "Nilikwambia mie!" Nikamweleza. Akanisikiliza, akaguna, akasema, "Basi kesho utaona kama kuna atakayeleta mwanawe."

Kesho yake niliona. Kengele ikapigwa, na kiwanjani walikuwapo watoto wa maaskari peke yao, wamesimama mbalimbali, hawajui wajipange vipi. Sista alisimama mlangoni pale anaposimama kila siku, hana wa kumpokea. Akaniambia, "Mwalimu, nadhani nitafunga virago. Shule bila watoto wa hapa si shule ya hapa." Nikawaza vile vyumba vinne vikiota majani, na mkeka wangu na alama yake ya chaki. Nikawaza Mize atasoma wapi. Nilikuwa na miguu, ningeweza kwenda nyumba kwa nyumba, lakini nani angenisikiliza mimi, mshika miguu?

Basi tukiwa katika hali hiyo tukasikia sauti za watoto. Maalim Shaame alikuwa anakuja kwa barabara ya gari, Mize kamshika mkono, na nyuma yao watoto wa chuoni kwake wote, msururu mrefu, wanaimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya kaswida. Alikuwa amesema na wazee msikitini baada ya alfajiri, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwakusanya yeye mwenyewe. Wamama wengine walikuwa wakiwafuata nyuma kutazama. Na mwisho kabisa wa msururu nikamwona mama yangu, kavaa baibui lake la Iddi, anajifanya anapita tu.

Saa nne ilipofika Maalim aliagiza kigoda kiletwe mbele ya jiko, mahali pa wazi. Akakaa. Akampakata Mize. Akaomba kikombe cha uji kwa Sista, akampa mjukuu wake mbele ya macho ya watu wote, akamngoja mpaka akalamba mdomo. Kisha akawatazama watoto.

"Mize ni mgonjwa, na Mize ni mdogo. Mungu kamwambia ale. Sasa yule anayejua zaidi ya Mungu, aje anambie mie, nimsikie akimwita kobe." Akawapitia kwa macho mmoja mmoja. "Hayupo? Haya. Na wale wa darasa la kwanza wote, saumu yenu ni mpaka adhuhuri, basi. Nikimkamata aliyefunga mpaka magharibi bila ruhusa ya kwao, atachota maji ya chuoni mpaka Iddi."

Watoto wakacheka, wamama wakacheka, na mimi nikaiona hofu iliyonilala kifuani tangu jana inaondoka, nikashusha pumzi ndefu mpaka Sista akanigeukia. Naye alikuwa anashusha yake. Tukatazamana tukaangua kicheko kama wasichana wa shule. Mchana ule tulifundisha darasa limejaa pomoni, makonyo yakamwagika sakafuni kila mahali, na sikumwambia mtu aokote. Shule ile ikasimama, mwanangu. Nimefundisha pale mpaka nywele zikageuka.

Sasa neno langu ndilo hili. Utakapokwenda kufundisha, utakuta wakubwa walio juu yako, na dini zilizo mbali na yako, na kikao, na ahadi, na watu wanaotazama kutoka madukani. Yote yaheshimu. Mimi sikufundishi utovu wa adabu, na nikisikia umemjibu mkuu wako vibaya nitakuja huko huko na fimbo ambayo masista hawakuwa nayo. Omba ruhusa ya kuondoka mapema, omba ruhusa ya kubadili ratiba, omba ruhusa hata ya kupanda ua kiwanjani. Lakini mtoto akianguka mbele yako, usitazame nyuma kuona nani anakutazama. Tazama ulichofundishwa moyo wako, ukifanye. Ruhusa utaiomba baadaye, na kama ni kukaripiwa, ukaripiwe mtoto yu hai. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea watu kusema hulia zaidi.

Na ukiaminiwa watoto na watu wasio wa dini yako, au wewe ukimkabidhi mwingine wako, msiishie kuahidiana mtakayojizuia. Ahidianeni na mtakayothubutu kuyafanya. Wema wa kujizuia pekee una mipaka, nami nimeuona mpaka wake ukiwa juu ya baraza, macho nusu.

Nenda basi. Mungu akufanyie darasa lako liwe lenye kicheko, akupe mkuu wa kazi mwenye moyo wa Sista Veridiana na mzee wa kukukaripia mwenye ulimi wa Maalim Shaame, Mungu amrehemu. Akujaalie mkono mwepesi siku ya mtoto kuzidiwa, usitetemeke. Na kila mtoto atakayetoka kwao asubuhi kuja kwako, amrudishe kwao jioni mzima. Amina.